Nani Aliyetenda? Maneno ya Majuto katika Lugha ya Kiingereza

Katika maneno ya Kiingereza yaliyoenea vinywani mwa watu wa pwani, waliosoma na wasiosoma, ni machache yanayolishinda neno "sorry". Mtoto wa shule amkanyagapo mwenziwe husema "sorry". Karani amwambiapo mtu arudi kesho husema "sorry". Na mwenye gari amrushiapo mpita njia maji machafu hutoa kichwa dirishani akasema "sorry", na huku gari yaenda. Kisha yako maneno mengine makubwa zaidi, ambayo twayasoma katika barua za maofisi na kuyasikia katika hotuba za wakubwa: "regret", "guilt", "remorse", "apology". Yote haya sisi huyafasiri kwa maneno mawili matatu tu. Husema, "amejuta", au "ameomba radhi", tukatosheka.

Suala tunalotaka kulitazama ni hili: mtu akitamka mojawapo ya maneno haya, amekubali nini, na amebakiwa na nini shingoni mwake? Hili si suala la walimu wa lugha peke yao. Ni suala la haki. Mwenye kudhulumiwa akipewa neno ambalo haki yake haimo ndani yake, naye akalipokea kwa kutolijua, amedhulumiwa mara ya pili. Na mwenye kudhulumu akidhani kwamba neno alilolitamka limemtoa katika deni, na deni liko pale pale, amejidhulumu mwenyewe.

Maoni yetu ni kwamba maneno ya majuto hayapimwi kwa ukubwa wake wala kwa utamu wake. Hupimwa kwa jambo moja: je, ndani yake yumo mtendaji? Neno lisilokuwa na mtendaji laweza kuwa zuri, laweza hata kuliza watu, lakini halimlipi mtu haki yake. Na tuyatazame maneno hayo moja moja.

Neno "sorry" latokana na neno la Kiingereza cha kale, "sarig", na asili yake ni moja na neno "sore", yaani kidonda, au mahali panapouma. Kwa hivyo maana yake ya kwanza ilikuwa ni "mimi naumia". Halikuwa na khabari ya kosa. Na mpaka leo Mwingereza aendapo kumpa mkono rafiki yake aliyefiwa humwambia "I am sorry", wala hapana anayedhani kwamba yeye ndiye aliyeua. Lakini ni kwa neno lilo hilo amwombapo radhi mtu aliyemvunjia kikombe chake. Sisi hapa tuna milango miwili: kwa aliyefikwa na jambo twasema "pole", na kwa tuliyemkosea twasema "samahani", au "niwie radhi". Wao wana mlango mmoja, na mwenye kusimama nje hajui aliyemo ndani ni yupi.

Ndiyo maana wageni kutoka Uingereza hustaajabu wajapo huku kwetu. Mgeni hujikwaa njiani, na mwenyeji aliye mbali naye, ambaye hata hakumgusa, akamwambia "sorry". Mgeni hujibu, "Si kosa lako." Mwenyeji naye hushangaa, kwani nani aliyetaja kosa? Yeye alikuwa akisema "pole" kwa Kiingereza. Hakukosea kwa asili ya neno. Huenda yeye ndiye aliyekaribia zaidi maana yake ya kale.

Utata huu si wa njiani tu. Tarehe 1 Aprili 2001 ndege ya upelelezi ya Marekani iligongana na ndege ya kivita ya China karibu na kisiwa cha Hainan. Rubani wa Kichina alikufa, na ndege ya Marekani ikatua kisiwani bila ya idhini, na watu 24 waliokuwamo wakazuiliwa. China ilitaka iombwe radhi. Marekani haikutaka kukubali kosa. Jambo hilo lilimalizwa kwa barua ya balozi wa Marekani ya tarehe 11 Aprili, iliyosema mara mbili "very sorry": mara moja kwa kifo cha rubani, na mara ya pili kwa ndege kuingia na kutua bila ya ruhusa ya mdomo. Wachina waliisoma barua wakawaambia watu wao kwamba wameombwa radhi. Wamarekani waliisoma barua iyo hiyo wakawaambia watu wao kwamba hawakuomba radhi. Kila upande uliingia katika neno moja kwa mlango wake, na wote wawili walikuwa na hoja.

Neno la pili ni "regret". Hili Kiingereza kililitwaa kutoka Kifaransa cha zamani, ambako maana yake ilikuwa kuomboleza, khasa kumlilia maiti. Na mwenye kulia matangani si lazima awe ndiye aliyeua. Kwa hivyo mtu aweza kusema kwa "regret" juu ya jambo alilolitenda yeye, na aweza kusema kwa neno lilo hilo juu ya mvua iliyoharibu arusi ya jirani. Kila aliyepata kuomba kazi kwa barua alijua neno hili. Ofisi humwandikia kwamba "inajuta" kumwarifu kuwa ombi lake halikukubaliwa, na hapana hata mmoja katika ofisi hiyo aliyelala na huzuni usiku ule. Neno limekuwa ni kilemba cha barua ya kukataa.

Kwa sababu hii "regret" limependwa sana na serikali. Huko Australia, kwa miaka mingi, watoto wa wenyeji wa asili waliondolewa kwa nguvu katika mikono ya wazazi wao, wakapelekwa katika majumba ya kulelea na kwa watu wengine. Ripoti ya mwaka 1997 ilipendekeza watu hao waombwe radhi. Waziri Mkuu wa wakati huo, John Howard, hakukubali. Hoja yake ilikuwa kwamba watu wa kizazi cha leo hawafai kubebeshwa makosa ya waliotangulia. Tarehe 26 Agosti 1999 Bunge lilipitisha azimio lake, na neno lililowekwa humo lilikuwa "regret", tena limepambwa kwa sifa za kuwa la ndani na la kweli. Wenyeji waliona mara moja kilichokosekana. Ilipofika tarehe 13 Februari 2008, Waziri Mkuu mwengine, Kevin Rudd, alisimama katika Bunge lilo hilo akasema "sorry". Lakini tazama vizuri. Uzito wa maneno ya Rudd haukuwa katika "sorry" peke yake, kwani tumekwisha kuona kwamba neno hilo lina milango yote miwili. Uzito wake ulikuwa kwamba aliwataja watendaji: sheria na siasa za mabunge na serikali zilizofuatana. Hapo ndipo neno lilipofunga mlango mmoja na kubakia na mmoja.

Na mfano ulio karibu nasi zaidi ni wetu wenyewe hapa Kenya. Tarehe 6 Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, William Hague, alisimama katika Bunge la London akazungumza juu ya watu walioteswa zama za vita vya Mau Mau. Alikiri kwamba Wakenya waliteswa mikononi mwa utawala wa kikoloni, na hilo ni jambo kubwa, haifai kulidharau. Kisha akasema kwamba serikali yake yafanya "regret" ya kweli kuwa mambo hayo yalitokea. Yalitokea, kama itokeavyo mvua. Na katika khutba iyo hiyo akasema kwamba serikali ya leo haikubali kuwa na dhima ya kisheria juu ya matendo ya utawala ule. Pamoja na hayo ilikubali kutoa pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwa humo, kwa madai ya watu 5,228. Miaka kumi baadaye, tarehe 31 Oktoba 2023, Mfalme Charles wa Tatu alikuja Nairobi, akasema katika karamu ya Ikulu kwamba vitendo vile havina udhuru, na akataja huzuni kubwa na "regret" nzito. Maneno yalikuwa mazito kuliko yale ya kwanza. Walakini wengi waliokuwa wakingoja ombi la radhi walirudi makwao wakisema kwamba hawakulisikia.

Sasa tuje kwa "guilt", ambalo ni kinyume cha hayo mawili. Katika Kiingereza cha kale "gylt" halikuwa jina la uchungu wa moyo. Lilikuwa jina la kosa lenyewe. Kwa hivyo hapa mtendaji yupo, lakini moyo haumo. Katika mahakama za Kiingereza mshitakiwa huulizwa kama ni mwenye hatia au si mwenye hatia, wala hapana anayemwuliza kama anasikitika. Mtu aweza kuwa na hatia naye yuacheka. Na mshitakiwa akubalipo hatia mapema, katika Uingereza, aweza kupunguziwa adhabu hata kufika thuluthi moja, na hilo ni kwa sababu ya kukubali kwake tu. Majuto ni jambo jengine, nalo hakimu hulitazama mbali.

Baadaye Waingereza waliligeuza neno hili wakalifanya pia jina la hisia. Wakasema mtu "anaona hatia". Na kwa kugeuka huku neno limeingia mahali ambapo hapana kosa kabisa. Katika miaka ya 1960 daktari William Niederland aliandika juu ya watu waliosalimika katika kambi za mauti za Wanazi. Wengi wao walikuwa wakijilaumu usiku na mchana: kwa nini mimi nimebaki, na mama yangu na ndugu zangu wamekufa? Watu hawa hawakumdhulumu mtu. Wao ndio waliodhulumiwa. Tazama basi ajabu ya mambo: aliyeua aliketi mahakamani akasema hakufanya ila kutii amri, na aliyesalimika ndiye aliyekuwa akikosa usingizi. Hisia ya hatia si ushahidi wa hatia, na kukosekana kwake si ushahidi wa usafi.

Neno la nne ni "remorse". Asili yake ni Kilatini, na maana yake ni kuuma tena, kuuma mara ya pili. Mwaka 1340 mtawa mmoja wa Canterbury, Dan Michel, alifasiri kitabu cha Kifaransa cha mafundisho ya dini kwa Kiingereza cha watu wa Kent, akakiita "Ayenbite of Inwyt". Hakutaka kutumia neno la Kilatini ambalo watu wake wasingalilifahamu, akaunda neno la nyumbani: kuumwa tena na akili ya ndani. Ni neno zuri, kwani lasema kwamba kitendo kilichopita kina meno. Mtu amekwisha kukitenda, amekwenda zake, amekula na kulala, kisha chamrudia na kumwuma.

Katika neno hili mtendaji yumo na uchungu umo. Huwezi kuwa na "remorse" kwa tendo la mtu mwengine. Kwa hivyo lapita "regret" kwa daraja kubwa. Lakini hata hili lina upungufu wake, nao ni kwamba lina mtu mmoja tu. Mwumwaji ni yeye, na mwenye kuuma ni nafsi yake. Aliyedhulumiwa hayumo. Mtu aweza kuumwa namna hii miaka 30, akalia gizani, na jirani yake aliyemla shamba lake asipate hata shubiri moja ya ardhi, wala asijue kama kuna aliyelia.

Ndipo tunapohitajia neno la tano, "apology", ambalo lina watu wawili. Na khabari ya neno hili ni ya kushangaza. Asili yake ni Kiyunani, na maana yake ilikuwa ni kujitetea. Sokrati aliposhitakiwa katika mji wa Athens mwaka 399 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, hotuba aliyoitoa kujitetea iliitwa kwa jina hili katika kitabu cha mwanafunzi wake Plato, wala Sokrati hakumwomba mtu radhi humo. Hata Mwingereza Thomas More alipoandika mwaka 1533 kitabu kwa jina lilo hili, alikuwa akijitetea. Baadaye neno likapinduka, na leo lina maana ya kukubali kosa mbele ya uliyemkosea. Lakini twaona kwamba damu ya zamani haijatoka. Mara ngapi mtu huanza kwa kuomba radhi akamalizia kwa kujitetea: "Naomba radhi, lakini wewe nawe ulinikasirisha"? Na sisi neno letu "udhuru" lina nasaba kama hiyo, kwani kutaka udhuru ni kuleta sababu, na mwenye kuleta sababu hajakubali.

Kisha sheria nazo zikaingia. Watu waliogopa kuomba radhi kwa kuhofia kwamba mawakili watayachukua maneno yao wayafanye ushahidi. Daktari alikuwa akikatazwa kusema neno kwa mgonjwa aliyedhurika, na mwenye gari akikatazwa na kampuni ya bima. Kwa hivyo jimbo la Massachusetts katika Marekani lilitunga sheria mwaka 1986 kwamba maneno ya kumsikitikia aliyepatikana na ajali yasifanywe ushahidi wa kukiri dhima. Na Uingereza ikatunga sheria mwaka 2006 kwamba kuomba radhi peke yake si kukiri uzembe. Makusudio ya sheria hizi ni mema: watu wapate kusemezana kama wanaadamu. Lakini ziko na upande wa pili. Neno likisha kuhakikishiwa kwamba halitamgharimu mtu kitu, msikilizaji naye ana haki ya kuuliza lina thamani gani.

Huenda akasema msemaji: "Haya yote ni kugombania maneno. Mwenyezi Mungu hutazama nyoyo. Mtu akijuta kwa kweli, neno gani alitumialo si kitu. Na asiyejuta, hata akitamka maneno yote ya Kiingereza na Kiarabu, hakusema neno."

Twajibu kwamba sehemu moja ya maneno haya ni kweli, na ndiyo iliyokuwa mzozo mkubwa kwa Waingereza wenyewe. William Tyndale alipochapisha tafsiri yake ya Injili mwaka 1526, mahali ambapo watangulizi wake waliandika watu wafanye kitubio, yeye aliandika watu watubie, kwa kuwa neno la Kiyunani lina maana ya kugeuka kwa moyo. Thomas More alimpinga kwa ukali. Upande mmoja ulichelea matendo yasiyokuwa na moyo, na upande wa pili ulichelea moyo usiokuwa na matendo. Na khofu zote mbili zilikuwa na sababu. Ama wanavyuoni wetu hawakulazimika kuchagua. Walisema kwamba toba ina masharti: kuliacha kosa, kulijutia, na kuazimia kutolirudia. Na kosa likiwa la haki ya mtu, wakazidisha sharti la nne: kumrudishia mwenyewe haki yake, au akusamehe kwa radhi yake. Neno lenyewe "toba" asili yake ni kurejea, na mwenye kurejea huonekana akitembea.

Ama kwamba neno si kitu, hilo hatulikubali. Tarehe 30 Januari 1972 askari wa Kiingereza waliwapiga risasi waandamanaji katika mji wa Derry, Ireland ya Kaskazini, wakaua 13, na mwengine akafa baadaye. Uchunguzi wa kwanza, wa mwaka uo huo, uliwalaumu askari kwa kiasi kidogo tu. Jamaa za waliokufa walingoja miaka 38. Tarehe 15 Juni 2010 Waziri Mkuu David Cameron alisimama Bungeni akasema kwamba lililofanywa halina utetezi, kwamba serikali ndiyo yenye dhima juu ya askari wake, na kwamba kwa niaba ya serikali na nchi yuasema "sorry". Watu waliokusanyika katika uwanja wa mji ule kumsikiliza Waziri Mkuu wa Uingereza walimshangilia. Waliokufa hawakufufuka. Lakini majina yao yaliyochafuliwa yalisafishwa, na aliyeyasafisha ni neno lenye mtendaji ndani yake. Neno kama hilo ni malipo, ingawa si malipo yote.

Na hapa kuna fundo linalotaka kufunguliwa kwa uangalifu. Waingereza waliwapa wazee wa Kenya fedha bila ya kutamka ombi la radhi. Rudd aliwapa watu wa Australia ombi la radhi, lakini akakataa kulipa fidia, na ni mwaka 2021 tu serikali ya baadaye ilipotangaza mpango wa kuwalipa baadhi yao hata dola 75,000 kila mmoja. Ni lipi bora, fedha bila ya neno au neno bila ya fedha? Sisi twaona kwamba kila moja ni nusu. Fedha bila ya neno huweza kuwa ni bei ya kunyamaza. Neno bila ya fedha huweza kuwa ni njia rahisi ya kutolipa. Mwizi arudishapo ng'ombe usiku, akamfunga mlangoni bila ya kujulikana, amerudisha mali lakini hakurudisha amani, kwani mwenye ng'ombe ataendelea kumshuku kila jirani. Na mwizi ajapo mchana, akalia na kupiga magoti, na ng'ombe yuko zizini kwake, machozi yake ni dharau.

Pia liko jambo ambalo Kiingereza hakikuwa na neno lake mpaka juzi. Mwaka 1976 mwanafalsafa Bernard Williams alitoa mfano wa dereva wa lori aendeshaye kwa uangalifu wote, mtoto akamkimbilia mbele, akamwua. Hana hatia. Lakini hawezi kujuta kama ajutavyo mtu aliyesimama kando akitazama, na lau angeweza, tungemwona ana kasoro. Williams alilitilia jambo hili jina la kuunga "regret" na mtendaji. Sheria ya Kiislamu ilikwisha kulishughulikia tangu zamani: aliyeua kwa bahati mbaya haitwi mwuaji wa kusudi, wala haachiwi aende zake vivi hivi. Kuna diya kwa jamaa za maiti, na kuna kafara juu yake mwenyewe. Mkono wako umepita hapo, na hata bila ya dhambi, mkono una wajibu.

Lakini haifai tuwapime Waingereza kwa mizani hii kisha sisi tuiweke kabatini. Kiswahili nacho kina mahali pengi pa kumficha mtendaji. Twasema "kikombe kimevunjika", hatusemi "nimekivunja". Twasema "fedha zimepotea", "maneno yamenitoka", "shetani amenipitia", "ni bahati mbaya". Msimamizi wa mali ya mayatima huulizwa nyumba iko wapi, akajibu kwamba "imeuzika". Nani aliyeiuza? Sarufi haimtaji.

Na kila ikaribiapo Ramadhani au Idi, simu zetu hujaa ujumbe mmoja uliotumwa kwa watu mia: "Kama nimekukosea, nisamehe." Kusameheana ni jambo jema, hatulikatazi. Lakini neno "kama" ladai kwamba mwenye kuandika hajui alilolitenda, na mara nyingi yuajua vizuri. Mtumishi ambaye hakulipwa mshahara wa miezi mitatu apata ujumbe uo huo, kwa herufi zizo hizo, kama aupatao mtu asiyedai kitu. Hilo si ombi la radhi. Ni "regret" ya Kiswahili.

Na ubaya zaidi ni pale mkosaji anapolitwaa neno la aliyekosewa. Methali yasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ni methali njema kinywani mwa aliyeumizwa, akitaka mwenyewe kusahau. Lakini aliyeumiza hana haki ya kuisema, kama vile mdaiwa asivyo na haki ya kulifuta deni lake. Na wazee wa mtaa nao, kwa kutaka suluhu ya haraka, humharakisha aliyedhulumiwa asamehe kabla ya dhalimu kutaja alilolitenda. Wakaondoka wakidhani wamepatanisha, na kumbe wamemnyamazisha mmoja kwa raha ya mwengine.

Basi, ewe msomaji, upewapo neno la majuto, kwa Kiingereza au kwa lugha yoyote, usitazame ukubwa wa sifa zilizolizunguka. Uliza mambo matatu. La kwanza: je, amesema "nimetenda", au amesema "yametokea"? La pili: je, amelitaja tendo lenyewe kwa jina lake, na aliyetendewa kwa jina lake? La tatu: kilichochukuliwa kimerudi, na kama hakiwezi kurudi, ametoa nini badala yake? Hayo matatu yakipatikana, hata neno dogo kama "sorry" latosha. Yasipopatikana, hata kamusi nzima haitoshi.

Na utakapokuwa wewe ndiwe mwenye kuomba, anza kwa neno "mimi". Ni zito ulimini, lakini bila ya hilo mwenzako hana wa kumsamehe.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe kurudishiana haki zetu kabla ya siku ambayo haki hazitalipwa kwa fedha wala kwa maneno.